Gari Kuukuu Uani: Kulifufua Land Rover Lililoliwa na Kutu

Nyote mlioketi darasani jioni hii, huko Shinyanga mjini, Kishapu, Kahama, Geita na vijiji vya jirani, karibuni katika somo letu. Walimu wa madarasa, tafadhali andikeni ubaoni maneno haya manne: kutu, chasisi, alumini, bolti. Tutayakuta tena na tena. Akina mama, msidhani kwamba somo hili ni la akina baba peke yao. Mtaona sasa hivi kwamba linawahusu sana.

Katika miji mingi ya upande wetu lipo gari lililolala. Limeegeshwa chini ya mwarobaini, magurudumu yamezama ardhini, na kuku hutaga kwenye kiti cha dereva. Mara nyingi gari hilo ni Land Rover la zamani. Mwenyewe alilinunua mnadani, serikali, misheni, chama cha pamba au mgodi ulipokwisha kulichoka. Likafanya kazi miaka mingi. Kisha siku moja likakataa kuwaka, likasukumwa mpaka chini ya mti.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Kishapu ameachiwa gari kama hilo na marehemu mumewe. Mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mizani yake, anamwambia, "Shikamoo mama. Gari hili limekwisha. Nitakupa fedha kwa kilo." Kijana wa mama huyo anasema, "Hapana mama, tulitengeneze, litabeba pamba na abiria wa gulio." Nani kati yao asema kweli? Huenda ni huyu, huenda ni yule. Haiwezekani kujibu mpaka mtu alale chini ya gari na nyundo mkononi. Hayo ndiyo tutakayojifunza leo: namna ya kujua kutu imekula nini, na kazi ya kufanya baada ya kujua.

Kwanza, kutu ni nini? Chuma kikikutana na maji na hewa pamoja, hugeuka kutu. Maji peke yake hayatoshi, hewa peke yake haitoshi. Mwaweza kuliona jambo hili wenyewe darasani. Chukueni misumari mitatu mipya na chupa tatu. Msumari wa kwanza utieni katika chupa kavu, mkaifunge sana. Wa pili utieni katika chupa yenye maji kidogo, iachwe wazi. Wa tatu utieni katika maji yaliyochemshwa vizuri, yajazeni mpaka yaufunike msumari, yakipoa mmimine mafuta ya kupikia juu yake ili hewa isiingie. Andikeni namba 1, 2 na 3 juu ya chupa. Ziacheni rafuni juma zima.

Kutu ina tabia mbaya moja: ni nene kuliko chuma kilicholiwa. Huvimba. Ndiyo sababu bolti ya zamani hukaza kama imeota mizizi, na ndiyo sababu rangi hupanda malengelenge. Ukiona lengelenge dogo la rangi, usidhani ubaya ni mdogo. Huku nje ni kama punje ya mtama, huko ndani ni kiganja kizima.

Huku kwetu tuna bahati kidogo. Gari la pwani hupigwa na upepo wa chumvi, na chumvi huharakisha kutu mno. Shinyanga ina miezi mingi mikavu. Lakini tuna adui wetu mwingine, nao ni ule udongo mweusi wa mbugani. Wakati wa masika hunata chini ya gari kama ugali chini ya sufuria. Huingia katika kila tundu, na huko ndani hushika unyevu muda mrefu baada ya barabara kukauka. Gari kwa nje ni kavu, kumbe ndani limevaa nguo mbichi.

Sasa tulitazame gari lenyewe. Land Rover lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1948, katika maonyesho ya magari mjini Amsterdam, Uholanzi. Watengenezaji walikuwa kampuni ya Rover ya Uingereza. Mgodi wa almasi wa Mwadui, alioanzisha Dakta Williamson mwaka 1940, ulikuwa umekwisha timiza miaka 8. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma kilikuwa haba, kiligawanywa kwa kipimo. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi mafundi wakafanya jambo la busara: mifupa ya gari wakaitengeneza kwa chuma, na ngozi yake karibu yote kwa alumini. Mtindo huo uliendelea hata baada ya chuma kupatikana. Magari ya namna hiyo ya zamani, yenye springi za mabamba, yalitengenezwa mpaka mwaka 1985.

Alumini haishiki kutu nyekundu. Basi Land Rover la miaka 60 laweza kuonekana zima kabisa machoni, madigadi yake yamenyooka, milango yake inafungwa, na hali mifupa yake ni majivu. Watu wengi hudanganyika hapo. Wauzaji wengine hupaka rangi mpya juu, na mnunuzi hutoa ng'ombe zake kwa ajili ya rangi.

Huko Marekani wako watu wanaofufua magari ya zamani nyumbani, hasa yale ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa za mbio. Ford Mustang, lililotoka mwaka 1964, halina chasisi iliyo mbali na bodi. Bodi ndiyo mifupa yenyewe, nayo ni chuma. Mwenye gari hilo akipata tundu sakafuni, mfupa wake umetoboka. Sisi wenye Land Rover tuna nafuu: bodi hufunguliwa kwa bolti, kipande kwa kipande, na kuwekwa kando, mpaka chasisi ibaki peke yake kama mifupa ya samaki sahanini.

Chasisi ndiyo uti wa mgongo wa gari. Ni boriti mbili ndefu za chuma, kila moja imefanywa kama sanduku refu, tupu ndani. Mabamba yake si manene, ni kiasi cha milimita 2. Hapo ndipo udongo na maji huingia, na kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Ukiona tundu kwa nje, ujue kazi ya ndani ilikwisha anza zamani.

Basi, siku ya kwanza usifungue kitu. Osha chini ya gari mpaka udongo wote utoke. Liache likauke. Kisha shika nyundo ndogo, gonga chasisi polepole kutoka mbele kwenda nyuma, kila upana wa kiganja. Sikiliza. Chuma kizima hulia kama kengele ya shule. Chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito, iliyokufa, kama kugonga boga. Unapopata sauti hiyo, sukuma kwa bisibisi. Ikiingia, chora duara kwa chaki.

Tazama zaidi mahali hapa: boriti ya nyuma kabisa inayofungwa ndoano ya kuvutia, mikono mifupi inayotoka ubavuni mwa chasisi kushikilia bodi, sehemu iliyo juu ya tangi la petroli, ambapo udongo hukaa, na pale springi zinaposhikwa. Kisha panda juu utazame ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Ukuta huo si alumini. Huoza pale miguu inapokanyaga na pale bawaba za milango zinapofungwa. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa. Kwenye chuma itashika, kwenye alumini haitashika. Na ikikataa kushika mahali panapopaswa kuwa chuma, kuna mtu amejaza tundu kwa lipu akapaka rangi.

Sasa twaweza kumjibu yule mama wa Kishapu. Kama mikono na boriti ya nyuma zimeliwa, lakini boriti mbili ndefu zinalia vizuri, mwanawe asema kweli: gari lapona. Kama boriti ndefu zenyewe zinabonyea kati ya springi ya mbele na ya nyuma, hapo itahitajika chasisi nyingine, na gharama ni ya namna nyingine. Hata hivyo asiliuze kwa kilo za mizani. Injini, gia, ekseli na mabamba ya alumini yana wenyewe wanaoyatafuta. Mwezi wa Oktoba 2024 lilifanyika Arusha tamasha la Land Rover, yakakusanyika magari mamia kwa mamia, ya kale na mapya. Gari la kale lina soko lake, na anayenunua kwa mizani anajua hivyo.

Lakini kabla ya kutumia hata shilingi moja, itafuteni kadi ya gari. Someni namba ya chasisi iliyoandikwa kwenye kadi, kisha mkaitafute kwenye gari. Imegongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa mbele kulia, karibu na springi, nayo huenda imefunikwa na kutu. Isafisheni kwa brashi ya waya, polepole, msiifute. Namba hizo zikiwa sawa, vema. Zikitofautiana, ulizeni kwanza ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Na ikiwa aliyeandikwa kwenye kadi amefariki, kama mume wa mama yetu, lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyekubaliwa na mahakama ndipo jina libadilishwe. Mahakama ya Mwanzo hushughulika na jambo hilo. Ndugu wengi wamegombana vibaya juu ya gari lililokwisha tengenezwa, ambalo hakuna aliyegombea lilipokuwa banda la kuku.

Tuendelee na kazi. Chagua mahali pagumu na palipo sawa, wala si juu ya udongo wa mbuga. Inua gari kwa jeki, kisha uweke magogo mazito ya mbao chini ya ekseli pande zote mbili. Usilale kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Matofali nayo hayafai, maana hupasuka ghafula. Watoto wakae mbali.

Sasa nataka mwanafunzi wa kusoma na kuandika anisikilize vizuri sana, maana hapa ndipo anapomshinda fundi asiyeandika. Gari likifunguliwa hutoa bolti na vipande vingi mno. Siku ya kwanza utasema, "Nitakumbuka." Mwezi wa tatu hutakumbuka. Kusanya makopo ya maziwa na ya rangi. Kila unapofungua sehemu, tia bolti zake katika kopo moja, andika kwenye karatasi, bandika: "Mlango wa kushoto, bawaba ya juu, bolti 4." Andika pia katika daftari, pamoja na tarehe. Waya za taa zifungie vijikaratasi. Kama unaweza kuchora, chora. Najua magari yaliyokufa kabisa mikononi mwa mafundi hodari kwa sababu hii moja: yalifunguliwa, fundi akahama kwenda machimboni, na hakuna aliyejua kipi huenda wapi. Daftari lingebaki nyumbani.

Bolti zilizokaza zisipigwe kwa hasira. Zisugue kwa brashi ya waya, zipake dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini, uziache usiku kucha. Asubuhi jaribu kukaza kidogo kwanza, kisha ulegeze. Kukaza huvunja kutu. Ikikataa, paka tena, ungoje tena. Bolti ikikatwa kwa tindo si msiba, mradi usiharibu chuma kinachoishika.

Baadaye ndipo kazi ya kuchomelea. Upande wa Geita wako wachomeleaji wengi, maana wachimbaji wadogo hutumia makarasha ya kusaga mawe, na karasha halimalizi mwezi bila kuchomelewa. Chuo cha ufundi cha VETA nacho kipo Shinyanga kwa anayetaka kujifunza mwenyewe. Lakini mchomeleaji wa karasha amezoea chuma kinene. Mwambie mapema kwamba hiki ni chembamba, apunguze moto.

Hapa kuna jambo la uhai na kifo. Katika Land Rover nyingi za zamani tangi la petroli limo chini ya kiti cha mbele, na bomba lake hupita kwenye chasisi. Kabla moto haujawashwa, toeni tangi nje kabisa, mlipeleke mbali, pamoja na bomba. Ondoeni betri. Mtu asiseme, "Tangi ni tupu, halina neno." Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke wa petroli, na mvuke ndio unaolipuka. Wala tangi lenyewe lisichomelewe nyumbani. Wekeni ndoo za mchanga karibu.

Ukataji nao una adabu yake. Usibandike kiraka juu ya kutu. Kata chuma kibovu chote mpaka ufike kwenye chuma king'aavu, kisha ushone kipande kipya chenye unene ule ule. Kiraka kilichowekwa juu ya uozo hushika masika mmoja. Tena usikate sehemu mbili kubwa kwa wakati mmoja, chasisi itajipinda. Fanya moja, uimalize. Kila mara pima kwa kamba: kutoka bolti ya springi ya mbele kulia mpaka ile ya nyuma kushoto, kisha ya mbele kushoto mpaka nyuma kulia. Vipimo viwili vikiwa sawa, chasisi imenyooka. Visipokuwa sawa, gari litakwenda kiubavu kama mbwa, na tairi zitakwisha upesi.

Chuma kikiisha kushonwa, kisuguliwe, kipakwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu mara mbili, kisha rangi ya juu. Ndani ya boriti mimina mafuta mazito au nta ya kuzuia kutu kwa kupitia matundu. Wengine hutumia oili chafu ya injini. Hufanya kazi, lakini hudondoka, na mahali inapodondoka karibu na kisima haifai hata kidogo. Wala isitiwe kabla ya kuchomelea, itawaka. Na rangi ya zamani isisuguliwe kwa msasa mkavu penye watoto, maana rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Lowesha msasa maji.

Hapo nimesahauliwa na alumini, ndugu zangu, kwa sababu watu humsahau. Haishiki kutu nyekundu, lakini pale inapogusana na chuma penye unyevu huliwa, hugeuka unga mweupe. Dawa yake ni kuvitenganisha. Kata mkanda wa tyubu ya baiskeli, uweke kati ya bamba la alumini na mkono wa chasisi, uvipake rangi vyote viwili kabla ya kufunga. Ni kazi ya senti chache.

Injini nitaisema kwa kifupi, maana fundi wake hapatikani kwa shida. Kama imelala miaka mingi, usiifunge kwenye trekta ukaiburuta. Toa plagi, mimina mafuta kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa. Kisha jaribu kuizungusha kwa hendeli, taratibu. Ukishika hendeli, kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke kuishika. Injini ikirudisha teke, gumba hilo huvunjika.

Breki ni jambo jingine. Ngoma za breki zikifunguliwa zina vumbi. Katika magari ya zamani vumbi hilo huwa na asbesto, linadhuru mapafu. Usilipulize kwa mdomo. Lifute kwa kitambaa kibichi, na kitambaa ukifukie. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na miaka ikipita maji hayo hutia kutu ndani ya silinda ndogo za magurudumu. Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Silinda moja ikipasuka, breki zote zimekwenda. Basi mpira mpya na mafuta mapya katika magurudumu yote, hata lile linaloonekana zima. Fedha ikipungua, acha rangi. Acha viti. Kaa juu ya ubao. Breki usiziache. Na gari lisibebe mtu mpaka askari wa usalama barabarani wamelikagua.

Hesabu ya fedha iandikwe katika daftari lile lile, upande wa pili. Tarehe, kitu, bei, aliyelipa. Hili la "aliyelipa" msiliruke. Yule mama wa Kishapu ana watoto wanne, na wawili watatoa fedha, wawili hawatatoa.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi aandike makopo matano, kama kwamba anafungua mlango wa gari, boneti, kiti, taa na gurudumu. Wenye gari nyumbani waligonge kwa nyundo, wachore picha ya chasisi na kutia alama mahali palipotoa sauti iliyokufa. Mwalimu akusanye picha hizo. Na zile chupa tatu zenye misumari msizifungue kabla ya siku ya somo. Tutazitazama pamoja, kila darasa liniandikie ni msumari upi uliobaki mweupe. Haya, kwaherini.